Je, Wajua? Mgeni Anayetafuta Kiwanja Pwani ya Tanga

Je, wajua kwamba pwani yetu yote, kuanzia Mto Umba hadi Mto Ruvuma, iliwahi kupangishwa na kisha kuuzwa kwa mkupuo mmoja?

Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuipangisha kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Tanga ilikuwemo, Pangani ilikuwemo, Saadani na Bagamoyo vilevile. Agosti ya mwaka huohuo wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe Pangani. Wenyeji wakakataa. Ukaidi ule ukageuka vita, vita vikaenea pwani nzima, na jina la kiongozi wake, Bushiri bin Salim, likavuma kutoka Pangani hadi Berlin. Kampuni ikashindwa kukaa mahali ilipopapanga kihalali. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka uliofuata Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4. Kilichokuwa cha kupanga kikawa cha kununua.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kina funzo ambalo madalali wa viwanja vya ufukweni hawalisemi. Kampuni ile ilikuwa na mkataba mzuri wenye saini ya mkuu wa nchi. Haikuwa na ridhaa ya watu wa Pangani. Mgeni anayekuja leo, awe ametoka Ulaya, Ghuba au Nairobi, anaweza kujikuta palepale: karatasi iko mkononi, lakini kijiji kizima hakimtambui. Ndiyo maana nasema kwamba anayechagua eneo kwenye mwambao huu anachagua historia ya ardhi na watu waliomo kabla ya kuchagua mchanga na upepo.

Je, wajua kwamba ukivuka Horohoro kuingia Kenya unakuta pwani ileile, Waswahili walewale, na sheria ya ardhi iliyozaliwa na mkataba tofauti kabisa?

Ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya, Waingereza hawakuununua. Waliupanga kutoka kwa Sultani mwaka 1895 na wakaulipia kila mwaka hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Kwa kuwa walikiri kwamba Sultani ndiye mwenye mali, walilazimika kukiri pia mashamba ya raia wake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ikawaandikia umiliki wa kudumu wale walioweza kuleta ushahidi. Wamijikenda wengi, waliolima kwa mila bila karatasi, hawakuandikiwa kitu. Matokeo yake yako Kilifi na Kwale mpaka leo: familia zimezaliwa, zimeoana na kuzikana kwenye shamba la mtu ambaye hawajawahi kumwona, na sheria inawaita maskwota. Mgeni anayenunua huko ananunua pia sehemu ya ugomvi huo, apende asipende.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, iliongeza jambo jingine. Asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na waliokuwa na upangaji wa miaka 999 walijikuta wamebakiwa na 99. Waitaliano wa Malindi na Wajerumani wa Diani wote wamo humo. Uganda nayo humpa mgeni upangaji tu, usiozidi miaka 99.

Upande wa Tanga, mambo yalifutwa na kuandikwa upya mara kwa mara. Amri ya Kaiser ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na dola ndiyo iliyoamua ipi haina mwenyewe. Walowezi wakauziwa mashamba moja kwa moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, mashamba hayo yalichukuliwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa wengine, Wagiriki na Wahindi wakiwa miongoni mwa wanunuzi. Mwaka 1923 Waingereza wakatangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma. Mwaka 1958 Julius Nyerere akaandika kijitabu *Mali ya Taifa*, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya sokoni, na mwaka 1963 serikali yake ikafuta umiliki wa kudumu uliokuwa umebaki. Ndipo tulipo. Ardhi ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na hata raia hana zaidi ya haki ya kuitumia, kwa viwanja vya mjini kwa kawaida miaka 33, 66 au 99.

Je, wajua kwamba mgeni hanunui ardhi Tanzania Bara hata akilipa pesa taslimu mbele ya wakili?

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Njia ni hii: ardhi inawekwa chini ya mamlaka ya uwekezaji, nayo inamkatia mwekezaji hati ndogo inayotokana na hati yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Kituo cha Uwekezaji Tanzania, TIC, kilichoundwa mwaka 1997, na mwaka 2025 ikahamia chombo kipya, TISEZA, kilichounganisha TIC na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje. Uwekezaji ukifa, haki inarudi ilikotoka. Hakuna nafasi hapo ya mtu anayetaka tu nyumba ya kustaafia yenye veranda inayotazama bahari.

Wengi hudhani kampuni ni mlango wa nyuma. Sheria iliuona mapema: kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia huhesabiwa kuwa si raia. Wengine huandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au mchumba wa Kitanzania. Hapo mwenye hati ndiye mwenye mali, na urafiki ukivunjika hakuna mahakama itakayomrudishia mgeni kitu ambacho sheria ilimkataza kukipata. Nyumba nyingi nzuri kusini mwa mto Pangani na hata Raskazone zina historia za namna hii, na mara nyingi pande zote mbili hutoka zimeumia.

Linalonigusa zaidi ni la wenzetu. Mtu aliyezaliwa Ngamiani, mjini Tanga, akasoma Tanga School, akaenda Uingereza au Kanada na kuchukua pasipoti ya huko, kwa kifungu hikihiki amekuwa akihesabiwa mgeni. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akitaka kununua kiwanja jirani na nyumba alimotahiriwa, amekuwa akisimama foleni moja na mtu aliyeijua Tanga jana kwenye ramani. Suala la hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania limefikishwa Bungeni, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Je, wajua kwamba ufukwe mmoja unaweza kuwa na ardhi za aina tatu, na kwamba kwa macho huwezi kuzitofautisha?

Tembea kutoka Tanga mjini kwenda kusini. Mwanzoni uko kwenye ardhi ya jumla, ile ya mjini, yenye vitalu, namba za viwanja na vigingi vya zege vilivyozama kwenye nyasi. Ukipita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, kuelekea Kigombe, unaingia ardhi ya vijiji. Mbele zaidi, ukishavuka Pangani na kuipita Ushongo, unafika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na hiyo ni ardhi ya hifadhi. Mnazi ni uleule, mchanga ni uleule. Sheria tatu.

Ardhi ya kijiji ndiyo inayowanasa wageni wengi, kwa sababu ndiyo nzuri, ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inataka ardhi hiyo kwanza ihawilishwe, yaani itolewe kwenye ardhi ya kijiji iingie ardhi ya jumla, kabla mwekezaji wa nje hajaigusa. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, unaoridhia ni mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, akiwa amepata maoni ya mkutano huo. Fidia lazima ikubaliwe kabla ya uhawilishaji.

Mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, wala si mwenyekiti na mtendaji wamekaa na mgeni kwenye gari. Ukiletewa muhtasari, usome hadi ukurasa wa mwisho. Muhtasari wa kweli una orodha ya mahudhurio: majina ya wanaume na wanawake, saini za waliosoma, dole gumba lenye wino wa zambarau kwa wasiosoma, na kule katikati maswali waliyouliza. Atakuwepo mama aliyeuliza njia ya kwenda pwani kuchokoa pweza itapita wapi uzio ukijengwa. Atakuwepo mvuvi aliyeuliza ngalawa zitapandishwa wapi. Muhtasari usio na swali hata moja ungenitia hofu, kwa sababu sijawahi kusikia kijiji cha pwani kilichogawa ufukwe wake kimyakimya.

Kuhusu hifadhi, mambo mawili kwa haraka. Mpaka wa Saadani umekuwa na mgogoro wa miaka mingi na wakazi wa Uvinje, kwa hiyo anayenunua kandokando yake aulize kwanza mstari uko wapi na nani anaupinga. Na tangu mwaka 2009 bahari yenyewe kati ya Tanga na Pangani ni Hifadhi ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka zama za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwenye nyavu zao miaka ya 2000. Vijiji vya mwambao huo vina masharti ya hifadhi juu ya masharti ya ardhi.

Je, wajua kwamba bahari ya asubuhi na bahari ya jioni si kiwanja kimoja?

Siku za bamvua, baada ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Hutoka mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Dalali mjuzi humleta mteja saa nne. Mchanga umekwenda mbali, wanawake wako miambani na vijiti vyao vya pweza, kigingi kinaonekana chini ya mvinje kikiwa kikavu, na ufukwe una upana wa kuchezea mpira. Shauri langu ni kwamba mteja asiondoke. Akae hapohapo, anywe dafu, angoje saa kumi. Ataona maji yakilamba mizizi ya mvinje uleule. Ataona mizizi imekaa hewani, udongo uliokuwa umeifunika umeshaondoka, na pengine ataona mvinje mwingine umelala chali ndani ya maji. Hapo ataelewa kiwanja kinakokwenda.

Na arudi msimu mwingine. Kusi husukuma mchanga upande mmoja, kaskazi huurudisha upande wa pili, na ufukwe uliokuwa mnene Februari unaweza kuwa mwembamba Agosti.

Mfano mkubwa kuliko yote uko mbele ya Pangani. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga chini yake. Miti iliisha katika miaka ya 1970, na leo ni fungu la mchanga mtupu ambalo maji makuu hulifunika. Wazee wa Pangani waliokikuta kikiwa na kivuli bado wapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto, ziwa au bwawa. Watu huiita "mita 60" tu. Kuna majengo yaliyo karibu zaidi ya hapo, lakini jengo la jirani halimpi mtu kibali. Mita 60 zikishatolewa kwenye kiwanja chenye urefu wa mita 80 kutoka majini, kinachobaki ni pa kujenga banda la kuku.

Je, wajua kwamba mikoko haiuzwi? Misitu ya mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya serikali tangu zama za ukoloni. Anayeonyeshwa "eneo la bei poa" lenye mikoko mbele, ajue kwamba sehemu ile si ya muuzaji, na kuikata ni kosa. Binafsi ningemchagua jirani huyo kuliko jirani mwingine yeyote, maana ndiye anayeshika udongo usiende na maji.

Je, wajua kwamba katika mila za pwani udongo unaweza kuwa wa mtu mmoja na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine?

Babu alipanda minazi kwenye shamba la shemeji yake kwa ruhusa, akafa, minazi ikarithiwa na watoto wake, udongo ukabaki kwa watoto wa shemeji. Upande wa Zanzibar sheria ya ardhi inautambua mti kuwa mali inayojitegemea. Huku Bara mila hii inaendelea chinichini. Mgeni analipa, anatia uzio, halafu mwezi wa pili anakuja kijana na kamba ya kukwelea, anaangua nazi, na hana wasiwasi hata kidogo kwa sababu anaangua zake. Muuzaji hakudanganya. Aliuza alichokuwa nacho. Kabla ya bei kutajwa, mnunuzi aulize minazi ni ya nani, mti mmoja mmoja, na wenyewe waitwe. Aulize pia kama kuna wakfu. Mali iliyowekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi haiuzwi, na aliyeiuza hakuwa na cha kuuza.

Je, wajua kwamba mlango unaweza kuwa na ulinzi mkubwa kuliko nyumba? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Wanaonunua nyumba ya zamani Pangani ili waing'oe mlango waupeleke kwenye hoteli yao wajue hilo. Sheria hiyohiyo inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863.

Na katikati ya mji wa Tanga kuna jambo jingine. Aprili 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipiwa fidia. Wafanyabiashara wenye asili ya India ndio waliopoteza mengi. Msajili wa Majumba akayasimamia, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo ghorofa lile la zamani lenye roshani ya mbao, ambalo mgeni analiona limechoka na kuwaza angelikarabati vizuri, huenda ni la shirika, na familia iliyomo imekuwa mpangaji kwa vizazi viwili. Wako ng'ambo watu wanaoipita nyumba ya babu yao kila wanapokuja likizo, na hawana haki nayo tena.

Je, wajua kwamba zao lililoipa Tanga jina lilianza na miche 62?

Wajerumani walianza kwa kuchagua vibaya. Waliiona misitu ya Usambara ya Mashariki imesimama, wakaamini udongo ule una rutuba isiyoisha, wakapanda kahawa. Udongo ulikuwa umeoshwa na mvua, rutuba yote ilikuwa kwenye miti, na miti ilipokatwa kahawa ikadhoofu. Wakati huo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika Tanga mwaka 1893, iliyobaki hai ilikuwa 62, na ikapandwa Kikogwe, kusini mwa Pangani, kwenye tambarare kavu ambayo wenye kahawa walikuwa wameidharau. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Reli nayo ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893, ya kwanza nchini. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Fikiria aliyenunua shamba la Moshi kwa sababu ya habari za reli: alingoja miaka kumi na minane.

Habari za leo ni bomba. Aprili 2016 Uganda iliichagua Tanga kuwa mlango wa mafuta yake ghafi. Tarehe 5 Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, kaskazini kidogo mwa jiji. Uamuzi wa mwisho wa fedha ulikuja Februari 2022. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, kilomita 1,147 ziko Tanzania, na litapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Bandari nayo imechimbwa na gati kupanuliwa, baada ya miongo mingi ambayo meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo kuletwa kwa matishari. Aliyekimbilia Chongoleani mwaka 2016 kwa kusikia tangazo alikaa karibu miaka sita kabla fedha hazijathibitika. Na anayetafuta utulivu wa ufukweni ajiulize kama anautaka jirani na matangi ya mafuta. Kwa mwenye ghala, jibu ni ndiyo. Kwa mwenye hoteli ya watalii wanaokuja kupiga mbizi, ningemshauri atazame kusini, kwenye daraja la mto Pangani na barabara ya lami kuelekea Saadani na Bagamoyo. Kivuko kilichowafanya watu wangoje saa nzima ndicho kilichoitunza Ushongo ilivyo, na daraja litalibadilisha hilo.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikopa kwa wawekezaji shilingi bilioni 53.12?

Tanga UWASA ilitoa hatifungani ya kijani ya kiasi hicho, ikasajiliwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ili kupanua mfumo wa maji yanayotoka mto Zigi na bwawa la Mabayani. Nimeiweka hapa kwa sababu maji matamu ndiyo yanayopanga thamani ya eneo kuliko upepo wa bahari. Miamba ya mwambao ni ya matumbawe na chokaa, na chokaa ndiyo iliyotoboka ikawa Mapango ya Amboni. Kisima kikichimbwa karibu na bahari, na jirani naye akichimba, na hoteli nayo ikavuta, maji huanza kuwa na chumvi. Katika kukagua kiwanja, onja maji ya kisima cha jirani. Uliza yalikuwaje miaka kumi iliyopita. Wenyeji hukumbuka vizuri kisima kilichokuwa kitamu.

Ukivuka bahari, sheria hubadilika tena. Pemba iko mkabala na Tanga, na majahazi huvuka kila wakati, lakini ardhi si jambo la Muungano. Mzanzibari anaweza kumiliki kiwanja Chumbageni, mjini Tanga, kama raia mwingine yeyote, wakati haki ya kutumia ardhi Zanzibar imetengwa kwa Wazanzibari. Mgeni, kwa upande mwingine, anaweza kununua nyumba au fleti Unguja ndani ya miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji. Oman, walikohamia jamaa zetu wengi, ilifanya karibu hivyo mwaka 2006: mgeni anunue ndani ya miji maalumu ya utalii, nje ya hapo hapana. Na Mexico, tangu katiba yao ya mwaka 1917, mgeni haruhusiwi kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani. Benki humshikia kwa udhamini. Kwa kipimo hicho Tanga, Pangani, Mkinga na hata Muheza mjini zingekuwa zote ndani ya mstari. Wanaolalamika kwamba Tanzania ni kali kupita kiasi watazame na kwingine.

Je, wajua kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, alikuwa karani wa ofisi ya upimaji ardhi Tanga katika miaka ya 1950?

Mshairi wetu mkubwa alishinda mchana kati ya ramani na namba za viwanja. Kazi ile bado inafanyika, na ndiko anayetafuta eneo anapopaswa kuanzia, kabla hajapigiwa simu na dalali. Ofisi ya ardhi itamwonyesha ramani ya upimaji: kama eneo limepimwa, kama ni la makazi, hoteli au kiwanda, na barabara iliyopangwa inapita wapi. Upekuzi kwa Msajili wa Hati utamwonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki, na kama kuna benki iliyoishika hati kwa mkopo au mtu aliyeweka zuio. Baada ya hapo aende mtaani. Ngamiani, ambako barabara zina namba kuanzia ya kwanza hadi ya 21, kila nyumba ina majirani wanaojua nani alizaa na nani na nani hajagawiwa urithi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa atawaita. Majirani wa pande nne wasimame kwenye vigingi vyao, mpima asome namba, na yule ndugu wa muuzaji anayeishi Mombasa, ambaye kila mtu anasema "hana neno", apigiwe simu aseme mwenyewe kwamba hana neno.